Futiboli ya Kimarekani: Mbio au pasi, takwimu ipi hutabiri ushindi?

Hadi kumalizika kwa msimu wa 2024, wachezaji tisa tu katika historia ya ligi kuu ya futiboli ya Kimarekani, NFL, walikuwa wamekimbia na mpira zaidi ya yadi 2,000 katika msimu mmoja wa kawaida. Wawili kati yao walitwaa ubingwa msimu huohuo: Terrell Davis wa Denver Broncos mwaka 1998 na Saquon Barkley wa Philadelphia Eagles mwaka 2024. Timu za wengine saba hazikushinda hata mchezo mmoja wa mtoano katika misimu hiyo.

Katika mchezo huu, timu inayoshambulia hupewa majaribio manne ya kusogeza mpira yadi 10, sawa na takriban mita tisa. Mchezaji ama huubeba mpira na kukimbia, ama kiongozi wa mashambulizi, aitwaye kotabeki, humrushia mwenzake.

Kwa muda mrefu iliaminika kwamba anayekimbia sana ndiye anayeshinda, kwa kuwa washindi walionekana kuwa na yadi nyingi za mbio. Wachambuzi walibaini kwamba mara nyingi matokeo yalidhaniwa kuwa sababu. Timu ambayo tayari inaongoza hukimbia ili kumaliza muda, kwani saa huendelea kuhesabu mkimbiaji anapoangushwa ndani ya uwanja, ilhali pasi isiyodakwa huisimamisha.

Jumla ya yadi za pasi nayo hupotosha, kwa sababu timu iliyo nyuma hulazimika kurusha. Mwaka 2012 Drew Brees wa New Orleans Saints aliongoza ligi kwa yadi 5,177, lakini timu yake ilishinda michezo 7 na kupoteza 9.

Kipimo kinachoaminika zaidi ni wastani wa yadi kwa kila pasi inayorushwa. Kwa kawaida pasi huleta takriban yadi 7, na mbio zaidi kidogo ya 4. Katika kitabu chao cha mwaka 1988, The Hidden Game of Football, Bob Carroll, Pete Palmer na John Thorn walipendekeza kupunguza yadi 45 kwa kila pasi inayonaswa na wapinzani.

Hesabu hizo zinagusa riziki za wachezaji. Mwaka 2023, timu iliyotaka kumzuia kotabeki asiondoke kwa mwaka mmoja ilitakiwa kumlipa takriban dola milioni 32.4, kwa mkimbiaji, kiwango kilikuwa takriban milioni 10.1.

Ubingwa wa Barkley uliwapa wakimbiaji hoja mpya. Hata hivyo, Eagles ya msimu huo ilikuwa pia na safu ya ulinzi iliyoruhusu yadi chache kuliko timu nyingine yoyote ya ligi, jambo ambalo takwimu za mbio pekee haziwezi kulionesha.