Mpenzi au Nchi? Wimbo Tulioimba Mstarini

Asubuhi, mstarini, shule za msingi za Singida kama za kwingineko nchini zimeuimba sana wimbo wa "Tanzania, Tanzania". Sisi wahakiki tunaupita haraka. Tunaubandika jina la wimbo wa kizalendo, basi, tumemaliza. Lakini hebu tuutazame kifani. Mwimbaji hatumii lugha ya gwaride. Anatumia lugha ya mapenzi: anasifu utamu wa jina la anayempenda, na hata usingizini anamwona huyo huyo. Ondoa jina la nchi, weka la binti, wimbo unabaki wimbo.

Na jina lenyewe liliwahi kuondolewa. Kwanza iliimbwa Tanganyika. Muungano ulikuja tarehe 26 Aprili 1964, na jina la Tanzania likapitishwa Oktoba mwaka huohuo. Majina yote mawili yana silabi nne. Mpenzi alibadilishwa jina bila mahadhi kuyumba. Wanamuziki wa dansi nao walishika njia ya pili. Salum Abdallah wa Cuban Marimba, Morogoro, aliyefariki 1965, aliimba "Wanawake Tanzania". Huku nchi inapendwa kama mwanamke. Kule mwanamke anatajwa kwa jina la nchi.

Kwa Singida jambo hili lina uzito wake. Mkoa huu ulioanzishwa 1963 una Wanyaturu na Wanyiramba, ambao ni Wabantu. Una Wabarbaig, ambao ni Waniloti. Na kuelekea Ziwa Eyasi wapo Wahadzabe, ambao lugha yao haina ndugu anayejulikana. Watoto wote hawa walipewa mpenzi mmoja, tena kwa lugha ambayo wengi waliikuta shuleni. Je, mpenzi wa kwanza, yaani kijiji, ng'ombe na maji ya Singidani, alitupwa? Mimi naona hapana. Enzi za ukoloni vijana wa huku walikwenda kuwa manamba kwenye mkonge. Aliyemwacha mchumba aliiacha na nchi yake. Kumkumbuka mmoja ni kumkumbuka na mwingine. Kupenda kwa mbali hakukuanzia mstarini.

Hata hivyo, wimbo una upungufu. Nyimbo za mapenzi za dansi humruhusu mpenzi alalamike: umenitupa, umenidanganya. Huu unasifu tu. Sasa mapenzi gani hayo yasiyo na lawama? Msanii anayetoka Singida leo ana kazi hapo: aipende nchi kama mchumba, na aidai kama mchumba. Wenzangu mnasemaje?