Liemba: Meli Iliyozamishwa Ikiwa Imepakwa Grisi



Huko Ulaya majahazi ya kale ya mbao, yakishachoka kubeba mizigo, hukarabatiwa yakawa makumbusho. Sisi wa Katavi tunacho chombo chetu cha kale, ijapokuwa ni cha chuma. Ni Liemba, ambayo wengi wetu wa Karema na Ikola tumewahi kuipanda.

Iliundwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikaitwa Graf von Götzen. Ikafunguliwa vipande vipande, ikatiwa katika masanduku yapatayo 5,000, ikaletwa Dar es Salaam na kupandishwa reli hadi Kigoma. Mwaka 1915 ikashushwa ziwani, ikafungwa mizinga.

Julai 1916 Wajerumani, wakiiacha Kigoma, waliamua kuizamisha. Hapa yafaa tutulie kidogo. Mafundi waliopewa kazi hiyo waliipaka mitambo yake grisi nene kwanza, ndipo wakaizamisha. Adui alinyimwa meli, lakini meli haikuuawa. Waingereza walipoiinua mwaka 1924 mitambo ilikutwa ingali mizima, na mwaka 1927 ikarudi kazini kwa jina la Liemba, jina la kale la ziwa lenyewe.

Karema tunalijua jambo la namna hii. Ngome waliyoijenga Wabelgiji mwaka 1879 ilikabidhiwa kwa Mapadre Weupe mwaka 1885; palipokuwa na bunduki pakawa misioni. Nayo meli ya vita ikageuka kuwa meli ya watu. Mwaka 1997 iliwarudisha kwao wakimbizi wa Kongo. Mei 2015 iliwachukua Warundi waliojazana ufukweni Kagunga, ikawafikisha Kigoma.

Wapo Ujerumani waliowahi kutamani irudishwe Papenburg iwe makumbusho. Twaielewa tamaa hiyo, maana chombo chenye umri huo ni hazina. Hata hivyo hatukubaliani nayo. Makumbusho hayabebi magunia ya dagaa, wala hayampeleki mgonjwa hospitalini. Meli ilipositisha safari mwishoni mwa miaka ya 2010, hasara haikuwa ya watalii. Ilikuwa ya mama wa kijiji kisicho na barabara, aliyelazimika kupanda boti ya mbao iliyojaa kupita kiasi, msimu wa pepo kali. Serikali iliamua ikarabatiwe ili isafiri tena. Historia yake iandikwe vema na kubandikwa humo humo melini, abiria aisome akiwa njiani kwenda Kasanga.