Karani wa Kodi na Buibui Wake

Nilipokuwa mtoto tulikatazwa kuua buibui. Bibi alituhadithia kisa cha pango la Thaur, na ufagio ukifika darini ulipita kwa adabu. Hadi leo nikimwona buibui ukutani humwacha, ingawa mke wangu ana maoni yake juu ya jambo hilo.

Juma hili namkumbuka mtu aliyewapenda buibui kwa sababu nyingine kabisa. Carl Clerck, Mswidi aliyezaliwa mwaka 1709, hakuwa profesa. Alikuwa mtumishi wa ofisi ya kodi mjini Stockholm. Inaelezwa kwamba mwaka 1739 alihudhuria mhadhara wa bingwa Carl Linnaeus, akatoka na hamu ya kuchunguza viumbe. Kodi hakuiacha, ila saa za mapumziko akawapa buibui.

Si kazi nyepesi. Kipepeo akichomwa pini hukauka na uzuri wake. Buibui hunywea, tumbo likajikunja na rangi zikapotea. Ndiyo sababu wakusanyaji humtia katika chupa ya spiriti, pamoja na kikaratasi chenye tarehe na mahali alipopatikana. Bila kikaratasi hicho, buibui ni maiti tu. Mwaka 1757 Clerck alitoa kitabu kwa Kilatini na Kiswidi, chenye picha za rangi, akieleza aina zaidi ya 60 na kuzipa majina ya maneno mawili.

Hapo ndipo penye kesi. Kitabu cha Linnaeus kilitoka mwaka 1758, na wanasayansi walikuja kukubaliana kwamba majina ya wanyama yahesabiwe tangu hicho. Ya kabla yake yasitambuliwe. Karani wetu angepoteza kila kitu kwa mwaka mmoja! Lakini kanuni ikamtoa yeye peke yake: vitabu vyote viwili vinahesabiwa kutoka tarehe 1 Januari 1758, na vikigongana, jina la Clerck ndilo hushika. Mwalimu kampisha mwanafunzi.

Aina za buibui zilizoorodheshwa duniani zilivuka 50,000 mwaka 2022. Yule wa bustani za Ulaya, mwenye msalaba mweupe mgongoni, bado anaitwa Araneus diadematus, na waandishi wa orodha, sheria isemavyo na iseme, huandika pembeni yake: Clerck, 1757.