Shule ni Watu: Kumbukumbu ya Kolezi na Lisee Zetu



Kila mwaka, matokeo ya mtihani wa Serikali yanapotangazwa, mitaa ya miji yetu hugeuka kuwa myeupe. Finalisti aliyefaulu humwagiwa poda kichwani na ndugu zake. Majirani hutoka nje, akina mama hupiga vigelegele, na hata mtu asiyemjua kijana yule huuliza, "Amepata asilimia ngapi?" Zamani watu walikaa karibu na redio wakisubiri; leo habari huja kwa simu. Lakini furaha ni ile ile, na haijawahi kuwa ya mtu mmoja. Mtaa mzima hucheza kana kwamba mtaa mzima uliketi kwenye benchi la mtihani.

Mtihani huo, tunaouita Exetat, ulianzishwa mwaka 1967. Nyuma ya kila diplome kuna shule, na nyuma ya shule kuna historia ambayo tunapita kando yake kila asubuhi bila kuitazama. Leo tunataka kuitazama pamoja, tukiongozwa na swali moja: tunaposema "shule yetu", ni nani waliomo katika neno hilo "yetu"?

Tuanze na majina. Bukavu kuna Kolezi Alfajiri na Lisee Wima. Lubumbashi kuna Kolezi Imara. Kinshasa kuna Kolezi Boboto, na neno hilo kwa Kilingala lina maana ya amani. Majina haya yanatupendeza kwa sababu ni ya lugha zetu. Lakini si yote yaliyozaliwa pamoja na shule zake. Alfajiri ilianzishwa na mapadri Wajesuiti mwaka 1938 kwa jina la Notre-Dame de la Victoire, yaani Bikira Maria wa Ushindi, wakati mji wa Bukavu uliitwa Costermansville. Imara, shule ya Wasalesiani, iliitwa Saint-François de Sales. Boboto ilibeba jina la Albert, mfalme wa Wabelgiji. Mtu mzima akibadilishwa jina, wajukuu wake wana haki ya kuuliza sababu.

Mlango uliofungwa

Mwaka 1906 Kiti Kitakatifu kilifanya mapatano na Dola Huru la Kongo. Kila misioni ingepewa ardhi ya kuanzia hektari 100 hadi 200, na kwa upande wake misioni ingefungua shule kwa kadiri ya uwezo wake. Hivyo ndivyo shule na Kanisa zilivyounganishwa katika nchi yetu tangu mapema, kiasi kwamba katika vijiji vingi watu walijifunza kusoma na kujifunza katekisimu katika nyumba moja, mara nyingi kwa mwalimu mmoja.

Lakini kwa miaka mingi kijana Mkongomani aliyetaka kuendelea mbele alikuwa na njia chache: seminari, shule ya ualimu, shule ya makarani, au mafunzo ya wasaidizi wa waganga. Kolezi zile kubwa za mijini, zenye maktaba na viwanja vya michezo, zilijengwa kwa ajili ya watoto wa Wazungu. Watoto wa wajenzi waliobeba matofali yake hawakuwa na nafasi ndani yake. Ni mageuzi ya mwaka 1948 yaliyoanza kuwafungulia Wakongomani masomo ya sekondari ya aina ile, na ni katika miaka ya 1950 tu ambapo kolezi za Wazungu zilianza kupokea watoto weusi, wachache wachache.

Hatusemi haya ili kuwahukumu marehemu. Wengi wa wamisionari wale waliacha nchi zao, wakafundisha maisha yao yote, na makaburi yao yako kwetu. Lakini ukweli hauondolewi kwa shukrani. Nyumba yaweza kuwa na msalaba juu ya mlango, na mlango wenyewe ukabaki umefungwa. Mwaka 1960, Uhuru ulipofika, nchi yetu ilikuwa na mapadri Wakongomani kwa mamia, lakini Wakongomani waliomaliza chuo kikuu hawakufika 30. Chuo Kikuu cha Lovanium kilikuwa kimefunguliwa mwaka 1954 tu. Tulianza safari ndefu tukiwa na viatu vya watu wachache.

Serikali inazitwaa shule

Mwaka 1971 nchi ikaitwa Zaire, na siasa ya "uhalisi" ikaanza kubadilisha majina ya miji, ya watu na ya shule. Katika wimbi hilo kolezi zetu zilipata majina tunayoyajua leo. Tunayapenda majina hayo, na si vibaya kuyapenda. Ila tukumbuke kwamba wimbi lililoleta majina lilileta pia mambo mengine.

Mwaka ule ule wa 1971, wanafunzi wa Lovanium walitaka kuwakumbuka wenzao waliouawa Kinshasa tarehe 4 Juni 1969. Utawala ukawaadhibu kwa kuwaandikisha jeshini kwa nguvu. Padri mmoja Mjesuiti kutoka Kivu, Christophe Munzihirwa, aliyekuwa akiwalea vijana wa shirika lake, aliomba naye aandikwe askari pamoja nao. Hakuwa na silaha ya kuwatetea, wala hakuwa na cheo cha kumtisha mtu. Alikuwa na jambo moja tu la kuwapa, nalo ni kuwa mahali walipo. Tulishike jina lake, maana tutakutana naye tena.

Mwishoni mwa mwaka 1974 zamu ya shule ikafika. Serikali ilizitwaa shule zote za makanisa. Somo la dini likaondolewa, na mahali pake pakawekwa elimu ya uraia na siasa ya chama kimoja. Misalaba na picha takatifu zikaamriwa kuondolewa. Noeli ya mwaka huo ilikuwa siku ya kazi kama siku nyingine. Kwa karatasi, shule hazikuwa zetu tena.

Je, shule zilikufa? Hapana. Walimu wengi walibaki ubaoni. Wazazi waliendelea kuwapeleka watoto. Katekisimu iliyofukuzwa darasani ilikuwa na makao mengine, nyumbani na parokiani. Na haikuchukua muda Serikali ikatambua kwamba kutwaa majengo ni jambo rahisi, lakini kuyaendesha kila siku, chaki kwa chaki na daftari kwa daftari, ni jambo jingine. Tarehe 26 Februari 1977 ilitia sahihi mapatano na makanisa. Tangu hapo tuna shule zinazoitwa za konvensio. Ni shule za Serikali kwa sheria: Serikali hupanga programu, hukagua, na ndiyo inayopaswa kulipa mishahara. Lakini uongozi wa kila siku uko mikononi mwa Kanisa. Kwa hiyo kolezi nyingi ambazo watu huziita "shule za mapadri" au "shule za masista" si za binafsi kwa maana halisi ya neno. Ni nyumba ambayo mwenye ardhi ni mmoja, na anayewasha moto jikoni ni mwingine.

Miaka ya njaa

Mapatano yalisema Serikali italipa. Kadiri miaka ilivyopita, ilisahau. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 fedha ya Zaire iliporomoka hadi mshahara wa mwalimu ukapoteza karibu thamani yote. Septemba 1991 askari wasiolipwa walipora Kinshasa, na uporaji ukafika miji mingine. Walimu walifanya mgomo mrefu, na watoto wakabaki nyumbani.

Hapo wazazi na maaskofu walikubaliana jambo zito: wazazi wenyewe wangemsaidia mwalimu aishi. Kwa hiyo, pamoja na minervali, ilizaliwa ile michango tunayoiita primu. Mama aliyeuza ndizi na makala sokoni akawa, bila kutangazwa popote, mlipaji wa mshahara wa mwalimu wa hisabati. Kidole kimoja hakivunji chawa. Vidole vya akina mama vilivunja ukimya wa madarasa, na shule zikafunguliwa. Hakuna sanamu iliyosimamishwa kwa ajili yao. Vijana, sanamu yao ni ninyi.

Lakini tuseme pia upande wa pili, maana historia isiyosema pande zote mbili ni tangazo tu. Dawa ile iliyotolewa kwa muda ikakaa miaka karibu 30. Mchango wa hiari ukawa sharti. Na tunajua sote picha hii: saa mbili asubuhi, mjumbe wa ofisi anaingia darasani na orodha, anasoma majina, na waliosomwa wanachukua mifuko yao na kutoka bila kuwatazama wenzao. Wamefukuzwa minervali. Mlango ambao zamani ulifungwa kwa sababu ya rangi ya ngozi, sasa ulifungwa kwa sababu ya mfuko mtupu. Tofauti ni kwamba mara hii mkono uliofunga ulikuwa mkono wetu.

Kiwanja kilichojaa

Julai 1994, baada ya mauaji ya kimbari ya Rwanda, umati wa wakimbizi uliingia Goma na Bukavu. Watu walilala katika parokia, kando ya barabara, na katika viwanja vya shule. Viwanja vya Alfajiri, vilivyotengenezwa kwa ajili ya mpira, vilijaa mahema. Miongoni mwa wageni kulikuwa na wanawake, wazee na watoto wengi, na kulikuwa pia na wenye damu mikononi. Kuwapokea hakukuwa jambo jepesi wala safi, na matokeo yake tunayabeba hadi leo.

Ndipo tunapokutana tena na Munzihirwa, sasa akiwa Askofu Mkuu wa Bukavu. Alisema wazi kwa wakubwa wa nchi na kwa mataifa ya nje kwamba mkimbizi ni mtu, kwamba mkazi wa Kivu ni mtu, na kwamba vita havitaleta amani. Mwezi Oktoba 1996 vita vilifika mjini. Viongozi wengi waliondoka. Yeye alibaki, kama alivyobaki na wanafunzi miaka 25 iliyotangulia. Tarehe 29 Oktoba 1996 aliuawa katika barabara ya mji wake. Somo lake halimo katika programu ya Serikali, lakini ni somo la kolezi zote: jumuiya si wale wanaokuja siku ya sikukuu, ni wale wanaobaki siku ya hatari.

Yetu ni ya nani?

Katiba ya mwaka 2006 inasema elimu ya msingi katika shule za Serikali ni bure, na tangu Septemba 2019 jambo hilo lilianza kutekelezwa. Watoto wengi waliokuwa nyumbani walirudi, madarasa yakafurika, na walimu wengi wakaanza tena kungoja mshahara. Lakini katika sekondari wazazi wanaendelea kulipa, katika shule za konvensio na zaidi katika shule za binafsi ambazo zinaongezeka katika miji yetu. Orodha ya asubuhi bado inasomwa.

Tumeona kwamba shule zetu zimebadilishwa majina, zimetwaliwa, zimerudishwa, zimefungwa na mgomo na kufunguliwa na akina mama. Kilichozishikilia hakikuwa hati wala ukuta. Walizishikilia watu waliokubali kuhesabu mtoto wa mwenzao kuwa wao. Kila mara shule ilipoanguka, ilianguka kwa sababu mtu fulani alitolewa katika neno "yetu".

Kwa hiyo, siku ya poda nyeupe itakapofika, tufurahi kwa moyo wote. Kisha, kabla ya kupiga picha, tuhesabu. Tulianza kidato cha kwanza tukiwa wangapi? Wako wapi wale waliochukua mifuko yao na kutoka bila kututazama? Mmoja anasukuma tshukudu, mwingine anauza karanga kando ya barabara ile ile tunayoshuka tukiimba. Wao pia walikuwa shule yetu.

Tarehe 30 Aprili, siku ya elimu, tuna desturi nzuri ya kuwapelekea walimu zawadi. Desturi hiyo idumu. Lakini kikundi cha vijana 20 kinachoweka akiba kidogo kila juma kinaweza pia kulipa minervali ya mwenzao mmoja hadi mwisho wa mwaka. Ni jambo dogo. Ndivyo akina mama walivyoanza.

Maswali ya kushirikishana katika vikundi

1. Katika shule yetu, ni nani walioijenga au kuilinda, na majina yao tunayajua? Tuwatafute wazee watusimulie.
2. Je, tunamjua kwa jina mwenzetu mmoja aliyeacha masomo kwa sababu ya fedha? Tulifanya nini siku ile?
3. Kikundi chetu kinaweza kufanya tendo gani kabla ya mwisho wa mwaka huu wa masomo, ili mtu mmoja arudi darasani?