Mila Kizimbani: Sheria ya Ushahidi ya India katika Mahakama za Nyanza

Mwaka 2012 Kenya ilifuta Sheria ya Uhamishaji wa Mali ya India ya mwaka 1882. Tangu hapo imekuwa kawaida kusikia, darasani na hata katika mazungumzo ya mawakili, kwamba sheria ya mwisho ya Kihindi imeondoka nchini. Dai hilo linapendeza kwa sababu linaipa historia mwisho ulio wazi: Kanuni ya Adhabu ya India iliondolewa mwaka 1930, Sheria ya Mikataba ikafuata mwanzoni mwa 1961, na ile ya mali ikafunga mlango. Dai hilo huandamana na lingine, ambalo kwangu ndilo lenye madhara zaidi, kwamba hata zilipokuwepo, sheria hizo zilikuwa za Uingereza tu, zikapitia Bombay njiani kuja Mombasa. Nayapinga yote mawili. Sheria ya India yenye uzito kuliko zote bado inatumika kila siku katika mahakama za Kisumu, Siaya na Homa Bay, na katika sehemu zake zinazowagusa zaidi watu wa ziwani haikuwa ya Kiingereza tu.

Kuhusu namna sheria hizo zilivyofika hakuna ubishi mkubwa. Amri ya Malkia katika Baraza ya mwaka 1897 iliruhusu sheria za India zitumike katika Himaya ya Afrika Mashariki. Kisumu iliingia baadaye kidogo, kwani reli ilipofika ziwani Desemba 1901, bandari hiyo ilikuwa bado upande wa Uganda. Ilihamishiwa Himaya ya Afrika Mashariki tarehe 1 Aprili 1902. Morris na Read wameeleza vizuri historia ya kanuni za jinai na upinzani wa walowezi wazungu waliokataa kuhukumiwa kwa sheria zilizotungiwa raia wa India. Metcalf naye ameonyesha jinsi India ilivyokuwa kitovu cha utawala wa Waingereza kandokando ya Bahari ya Hindi. Itoshe kuongeza kwamba sheria hizi hazikuletwa na wenye maduka wa Kisumu. Wafanyabiashara wa Kihindi na mafundi wa reli walizikuta hapa kama Wajaluo walivyozikuta, zimeletwa na mtawala.

Kuhusu ardhi nitasema machache. Kwa miaka mingi mji wa Kisumu uliishi chini ya sheria mbili. Viwanja vya katikati ya mji, vyenye hati za serikali, viliuzwa, vikapangishwa na kuwekwa rehani kwa vifungu vya mwaka 1882. Ukitoka kuelekea Nyalenda na Manyatta, ardhi ilikuwa ya koo, na baadaye ikasajiliwa chini ya sheria nyingine ya mwaka 1963. Zaidi ya hayo, sheria iliyotumika hapa ilikuwa toleo la zamani. India iliirekebisha yake mwaka 1929, ikaongeza kifungu cha 53A kumlinda mnunuzi aliyekwisha kukabidhiwa ardhi kwa mkataba wa maandishi, lakini ulinzi huo haukutufikia. Wanaosema tulikuwa tukifuata India wangesema kweli zaidi wakisema tulikuwa tukifuata India ya enzi za Malkia Victoria.

Sasa tufike kwenye Sheria ya Ushahidi ya Kenya, Sura ya 80. Ilianza kutumika tarehe 10 Desemba 1963, siku mbili kabla ya uhuru, na kwa sababu hiyo wengi huihesabu miongoni mwa matunda ya dola jipya. Iweke kando ya Sheria ya Ushahidi ya India ya mwaka 1872, usome kifungu kwa kifungu. Kifungu cha 6 kinahusu mambo yaliyo sehemu ya tukio moja, katika zote mbili. Cha 8 ni nia na maandalizi, cha 10 ni kauli za wenye njama, cha 13 ni haki au mila inayobishaniwa, cha 16 ni desturi ya kazi, cha 17 ni maana ya kukubali jambo. Kuanzia cha 5 hadi cha 17 namba zenyewe hazijabadilika. Baada ya hapo zinasogea kidogo tu: maneno ya marehemu yaliyo katika kifungu cha 32 cha India yako katika cha 33 cha Kenya, maoni ya wataalamu yametoka 45 kwenda 48, maoni kuhusu mila yametoka 48 kwenda 51. India yenyewe imeweka sheria mpya iliyoanza kutumika tarehe 1 Julai 2024 na namba zake zimehama. Leo anayetaka kuona mpangilio wa James Fitzjames Stephen ukifanya kazi karibu na namba zake za asili anaweza kwenda kusikiliza kesi Kisumu.

Jina hilo ndilo linalojibu dai la pili. Stephen aliiandika sheria hiyo akiwa mjumbe wa sheria katika baraza la Gavana Mkuu wa India. Aliporudi kwao alijaribu kuwashawishi Waingereza wapate sheria kama hiyo, na hawakukubali. Sheria ambayo Uingereza ilikataa kuwa nayo inawezaje kuitwa sheria ya Uingereza iliyosafiri? Chukua mfano wa ungamo. Katika sheria ya India, ungamo alilolifanya mshtakiwa mbele ya afisa wa polisi halikuweza kutumiwa dhidi yake. Katazo hilo liliingia katika kanuni ya mashtaka ya jinai ya mwaka 1861, miaka michache baada ya tume ya Madras ya mwaka 1855 kufichua mateso yaliyotumiwa kuwalazimisha watu kukiri. Uingereza haikuwa na katazo hilo. Huko ungamo mbele ya polisi lilipokelewa ilimradi lilitolewa kwa hiari. Kenya ililegeza katazo hilo kwa maafisa wa vyeo vya juu. Kisha mwaka 2003 Bunge likaamua kwamba ungamo halifai ila mbele ya jaji au hakimu, na mwaka 2007 likalegeza tena kwa masharti. Waliosifu mageuzi ya 2003 kama fikra mpya ya haki za binadamu walikuwa wakisifu, bila kujua, hofu waliyokuwa nayo watunga sheria wa Kalkuta juu ya polisi wao wenyewe.

Lakini ungamo si hoja yangu kuu. Hoja yangu kuu ni mila.

Kifungu cha 51 kinasema kwamba mahakama inapotaka kujua kama mila fulani ipo, inaweza kupokea maoni ya watu ambao wangeijua mila hiyo kama ingekuwepo. Kifungu cha 33 kinaruhusu maneno ya marehemu kuhusu mila ya watu wengi yaletwe mbele ya jaji, mradi aliyasema kabla ya ugomvi kuanza na alikuwa mtu wa kuijua mila hiyo. Vifungu hivi vilitungwa kwa nchi ambayo hakimu alikuwa mgeni, watu walikuwa na mila nyingi, na mzee wa kijiji ndiye aliyekuwa kitabu. Ni vifungu vya busara kwa kazi hiyo. Madhara yake ni kwamba vinaifanya mila kuwa jambo la kuthibitishwa, sawa na alama ya gurudumu barabarani au damu kwenye shati. Sheria ya Bunge jaji anaijua kwa wadhifa wake. Mila huletwa kizimbani, ikahojiwa na wakili wa upande wa pili, na ikishindwa kujieleza hurudi nyumbani. Mahakama ya Rufaa ya Afrika Mashariki ilisema hivyo wazi mwaka 1965 katika kesi ya Kimani dhidi ya Gikanga: anayetegemea mila ndiye wa kuithibitisha, isipokuwa kama inajulikana kiasi cha kutohitaji uthibitisho.

Tazama kilichotokea mwaka 1987. Wakili Silvano Melea Otieno alifariki Nairobi tarehe 20 Desemba 1986. Mjane wake, Wambui Otieno, alitaka kumzika katika shamba lao Upper Matasia, karibu na Ngong. Ndugu wa marehemu, Joash Ochieng' Ougo, pamoja na ukoo wa Umira Kager, walitaka azikwe Nyalgunga, Siaya. Mbele ya Jaji Bosire, John Khaminwa alimtetea mjane na Richard Kwach akautetea ukoo. Cohen na Atieno Odhiambo wameandika kitabu kizima juu ya kesi hiyo, nao wanaisoma kama mashindano juu ya maana ya kuwa Mjaluo wa kisasa. Nakubaliana nao, ila naona wamepita haraka mno juu ya chombo kilichotumika. Swali la nani amzike marehemu liliamuliwa kwa kuuliza nani anaijua mila. Mwanafalsafa Odera Oruka aliitwa kama mtaalamu wa mila za kwao. Mchimba makaburi alieleza kwamba marehemu alimwambia atamchimbia kaburi lake Siaya. Mjane alieleza maneno mengine ya mumewe. Kila sauti ilipita katika mlango uliochongwa mwaka 1872: huyu ni mtu wa kujua, yale ni maneno ya marehemu, hili ni jambo la mila.

Angalia ni sauti ya nani iliyopewa uzito. Mtu wa kujua mila, kwa hesabu ya mahakama, alikuwa zaidi mzee wa kiume au msomi wa kiume. Ukoo ulikuwa na watu hao wa kutosha. Mjane hakuwa nao, kwa hiyo upande wake uliegemea sheria ya Kiingereza kuhusu msimamizi wa mali ya marehemu. Hazikupewa uzito huo sauti za wajane wengine wa Nyanza kuhusu mila inavyosema juu yao, au za wafanyakazi wa Kisumu na Nairobi ambao tayari walikuwa wakizika kwa namna nyingine. Mahakama ya Rufaa iliamua Mei 1987 kwamba Otieno alizaliwa Mjaluo na angebaki hivyo hadi mwisho, naye akazikwa Nyalgunga tarehe 23 ya mwezi huo. Uamuzi ulizungumza juu ya mila kana kwamba imesimama tuli. Sishangai, kwa sababu ushahidi ulioletwa ulikuwa wa kumbukumbu, na kumbukumbu huulizwa ilivyokuwa.

Kuna pingamizi moja linalostahili jibu. Kanuni kwamba mila ithibitishwe ilikuwepo pia Afrika Magharibi, ambako Sheria ya India haikutumika; kesi ya Angu dhidi ya Attah ya mwaka 1916, iliyotoka Gold Coast hadi London, ndiyo inayotajwa sana. Ni kweli. Ila kesi hiyo inasema tu kwamba mila ithibitishwe na mashahidi wanaoijua hadi ijulikane kwa kurudiwa mahakamani. Haielezi ni maneno ya nani mengine yanayopokelewa, wala marehemu asikilizwe vipi. Hayo ndiyo yaliyoamua mambo mwaka 1987, nayo yalitoka India. Wengine watasema vitabu vimeondoa tatizo hilo, kwa kuwa majaji wana kazi ya Wilson ya mwaka 1961 juu ya mila za Wajaluo na kitabu cha Cotran juu ya ndoa cha mwaka 1968. Kwangu vitabu hivyo vimeongeza ugumu: mila sasa inamwekea mjane wa leo majibu yaliyokusanywa miaka sitini iliyopita.

Njia ya kutokea ipo ndani ya sheria ile ile. Kifungu cha 60 cha Sura ya 80 kinaitaka mahakama itambue bila ushahidi sheria zote zenye nguvu, zilizoandikwa na zisizoandikwa, katika sehemu yoyote ya Kenya. Neno "zisizoandikwa" halina maana kama mila ya Wajaluo haimo ndani yake. Tangu Katiba ya 2010 kuutambua utamaduni kuwa msingi wa taifa katika Ibara ya 11, na kuzitaka mahakama katika Ibara ya 159 ziendeleze njia za jadi za kusuluhisha migogoro pasipo kukiuka haki, sioni kwa nini Kimani dhidi ya Gikanga iendelee kutawala.

Wanaohofia kwamba jaji atabuni mila kichwani mwake wasome kifungu cha 173, ambacho ni cha 165 cha Stephen. Kinampa jaji ruhusa ya kumuuliza shahidi yeyote swali lolote, wakati wowote, apate ukweli. Ni kifungu ambacho jaji wa Kiingereza, aliyefunzwa kukaa kimya mawakili wakishindana, angekikataa. Hakimu wa Bondo au jaji wa Mahakama ya Mazingira na Ardhi mjini Kisumu anaweza kukitumia leo, katika kesi ya mjane anayefukuzwa kwenye boma la mumewe, akamuuliza mzee aliyeletwa na ukoo kuhusu wajane waliobaki kwenye boma zao Asembo na Uyoma, nani aliwaruhusu, na tangu lini.