Zawadi ya Mkono: Historia ya Shanga za Yai la Mbuni

Kila mwisho wa mwaka wa masomo sisi walimu hupokea vijizawadi kutoka kwa wanafunzi wetu. Miaka michache iliyopita, hapa Uganda tunapofundisha, binti mmoja wa darasa letu la Kiswahili alituletea kidani cha shanga za karatasi. Karatasi hizo zilikuwa michoro yake mwenyewe. Aliikata vipande virefu vyembamba, akavisokota kimoja kimoja juu ya sindano, akavigandisha kwa gundi na kuvipaka vanishi. Kwa kutaka kumtia moyo, tulimpa noti. Akainamisha kichwa, akasema, "Mwalimu, mimi sikukuuzia." Tuliona haya. Tangu siku hiyo tumekuwa tukijiuliza: pambo la mkono linapotolewa zawadi, hufanya kazi gani ambayo fedha haiwezi kuifanya? Ili kulijibu swali hilo hatuna budi kurudi nyuma sana katika historia ya bara letu.

Miongoni mwa mapambo ya kale kabisa yaliyotengenezwa Afrika ya Mashariki ni shanga za ganda la yai la mbuni. Katika pango la Enkapune ya Muto, magharibi ya Ziwa Naivasha nchini Kenya, wataalamu wa mambo ya kale walifukua shanga za namna hiyo zenye umri wa miaka ipatayo 40,000. Kazi ya kuzitengeneza yataka subira. Fundi huvunja ganda vipande vidogo, hutoboa tundu katikati kwa ncha kali ya jiwe, kisha hupunguza kingo. Mwisho huzitunga shanga nyingi katika uzi mmoja na kuzisugua pamoja juu ya jiwe mpaka zote ziwe mviringo. Pigo moja la pupa, na kipande chapasuka.

Ganda hilo lilikuwa pia ubao wa mchoraji. Huko Diepkloof, Afrika ya Kusini, vimepatikana vigae vya mayai ya mbuni vilivyochorwa mistari sambamba na mistari ya kukatana, na umri wake ni kama miaka 60,000. Hata katika zama za karibu nasi, wawindaji wa jangwa la Kalahari walitumia yai zima kama kibuyu cha maji, wakalichora nakshi upande wa nje. Kibuyu kilipovunjika, vigae vyake havikutupwa, bali viliweza kutobolewa vikawa shanga. Kwa hiyo binti yetu aliyekata michoro yake ili kupata kidani alikuwa akiifuata njia ya kale sana, ingawa hakuna aliyemfundisha.

Sasa tutazame jinsi mapambo hayo yalivyosafiri. Mwaka 2020 Brian Stewart na wenzake walitangaza matokeo ya kuzipima shanga zilizofukuliwa katika mapango ya Melikane na Sehonghong, katika milima ya Lesotho. Mbuni hula majani, na majani hunyonya madini ya ardhi yaliyoota. Hivyo ganda la yai huchukua alama ya miamba ya mahali pale. Ilidhihirika kwamba baadhi ya shanga zilitoka zaidi ya kilometa 300 mbali na mapango hayo. Tena safari hizo hazikuwa za msimu mmoja, kwani zilianza zaidi ya miaka 30,000 iliyopita. Mwaka 2021 Jennifer Miller na Yiming Wang walilinganisha shanga zaidi ya 1,500 kutoka mahali 31, mashariki na kusini ya Afrika. Waliona kwamba kati ya miaka 50,000 na 33,000 iliyopita shanga za pande hizo mbili zilifanana mno, hata wakahukumu kwamba watu wa masafa hayo makubwa walikuwa na uhusiano.

Lakini shanga ya pangoni haisemi ilitolewa kwa nini. Kwa hilo inafaa tuwasikilize watu walioendelea kuzitengeneza mpaka zama zetu. Nao ni Ju/'hoansi wa mpakani mwa Botswana na Namibia, wasemaji wa mojawapo ya lugha za vidoko. Katika miaka ya 1970 mwanaanthropolojia Polly Wiessner aliishi nao na kuchunguza desturi yao iitwayo hxaro. Mtu humpa mwenziwe zawadi isiyo chakula, na mara nyingi huwa ni pambo la shanga. Aliyepewa halipi papo hapo, kwani kulipa mara moja kungeifanya zawadi kuwa biashara. Hungoja, pengine mwaka au zaidi, kisha hurudisha kitu kingine, na kile alichopewa aweza kukipeleka mbele kwa rafiki wa tatu. Kwa njia hiyo mtu mmoja huwa na wenzi zaidi ya 10, na wengine huishi mwendo wa kilometa 200 kutoka kwake.

Je, faida yake ni nini? Mwaka 1973, katika eneo la /Xai/xai, Botswana, pepo kali ziliangusha maua ya miti ya mongongo, ambayo kokwa zake ndizo zilizokuwa tegemeo la watu. Mvua nyingi zilizofuata zikaharibu uwindaji. Njaa ilipokaribia mwaka 1974, watu walikaa wakitengeneza mapambo na kuwataja kwa hamu jamaa zao wa mbali. Kisha takriban nusu ya wakazi wakaondoka, wakaenda kukaa kwa wenzi wao wa hxaro mpaka hali ikatengemaa. Wahenga wetu wamesema: akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki. Tena wamesema: akiba haiozi. Nyama huoza, bali deni la shanga hudumu.

Haifai tudhani kwamba siri imo katika ganda la yai. Wakati huo Ju/'hoansi walikwisha kuzichanganya shanga zao na zile za kioo za madukani, na desturi ikaendelea vilevile. Na sisi tuliorithi njia za misafara twazijua shanga za kioo kwa sura nyingine. Katika karne ya 19 zilibebwa kutoka pwani mpaka kwenye maziwa makuu, kama zile nyekundu zilizoitwa samesame, zikapimwa ili kununulia chakula na pembe. Shanga zilipokwisha kuhesabiwa, muuzaji na mnunuzi waliagana, wala hakuna aliyekuwa na haja ya kumkumbuka mwenziwe. Ushanga ni ule ule. Kilichobadilika ni kitendo.

Kiswahili chetu chautambua mpaka huo. Upande mmoja tuna zawadi, tunu, hidaya na adia. Upande wa pili tuna bei, malipo na ujira. Mara nyingi twawafundisha wanafunzi maneno hayo kama orodha ya msamiati, tukasahau kwamba kila kundi lina maisha yake. Leo desturi ya hxaro imepungua sana, na vidani vingi vya yai la mbuni huuzwa kwa watalii. Hatumlaumu anayeuza, kwani karo na chumvi hulipwa kwa fedha. Ila lingekuwa jambo la huzuni iwapo watoto wetu wangejua kutengeneza pambo la kuuza tu, wasijue la kumpa mtu.

Kidani kile bado tunacho. Mwaka uliofuata tulimpelekea binti yule daftari la michoro tulilolishona kwa mikono yetu. Alilipokea kwa mikono miwili, akashukuru, wala hakutupa kitu siku hiyo. Twangoja.