Jimbo la Kigoma Mjini: kutoka kura ya jembe na nyumba hadi uchaguzi wa 2025

Kwa wakazi wa Buyenzi au Rumonge, Kigoma si mji wa mbali. Ni bandari ya upande wa pili wa mpaka, mwisho wa reli iliyofika ziwani mwaka 1914, na ni jirani ya Ujiji, mji mkongwe ambao Kiswahili kilizungumzwa sokoni kabla serikali yoyote ya kikoloni haijafika huko. Leo Kigoma na Ujiji zimo katika manispaa moja, na kwa uchaguzi wa Bunge la Tanzania zinaunda jimbo moja: Kigoma Mjini.

Jimbo hili halina ukubwa wa eneo wala wingi wa watu wa kulitofautisha na mengine. Lakini katika historia ya vyama vingi nchini Tanzania hakuna majimbo mengi yaliyobadilisha mikono mara nyingi kama hili, na uchaguzi mmoja uliofanyika hapa uliacha uamuzi wa mahakama ambao wanasheria na waandishi wa habari wanaurejea hadi leo.

Katika miaka ya chama kimoja, kuanzia uchaguzi wa 1965, mpiga kura wa Kigoma alipewa chaguo la namna ya pekee. Wagombea wawili, wote wa TANU na baadaye wa CCM, walisimama katika jukwaa moja na kueleza sera zile zile. Mmoja alipewa alama ya jembe, mwingine nyumba, ili hata asiyejua kusoma aweze kuchagua. Vijijini jembe lilihesabiwa kuwa na bahati zaidi. Utaratibu huo haukuwa mchezo mtupu, kwani mwaka 1965 baadhi ya mawaziri walipoteza viti vyao. Hata hivyo, jambo moja halikuweza kupigiwa kura, nalo ni chama chenyewe.

Mabadiliko yalikuja mwaka 1992. Tume iliyoongozwa na Jaji Mkuu Francis Nyalali ilikwisha kupendekeza kurejeshwa kwa vyama vingi, na sheria ikabadilishwa kabla ya uchaguzi mkuu uliofuata. Hivyo chaguzi ndogo zilizoitishwa kabla ya 1995 ndizo zilizokuwa majaribio ya kwanza ya ushindani. Mmoja wa chaguzi hizo ulifanyika Kigoma Mjini mwezi Februari 1994.

CCM ilimsimamisha Azim Premji. Mpinzani wake mkubwa alikuwa Dk. Aman Walid Kabourou, msomi mzaliwa wa huko, aliyegombea kwa tiketi ya CHADEMA, chama kilichokuwa bado kichanga. Premji akatangazwa mshindi. Kabourou hakukubali, akafungua shauri.

Malalamiko yake yalikuwa kadhaa. Alidai kwamba wakati wa kampeni viongozi wa Serikali walitoa ahadi za barabara zilizokuwa na lengo la kuwavuta wapiga kura. Dai lililozidi yote kwa uzito wake wa baadaye lilihusu redio. Wakati huo Radio Tanzania Dar es Salaam, ambayo leo ni sehemu ya TBC, ndiyo iliyosikika nchi nzima. Redio za watu binafsi zilikuwa ndiyo kwanza zinaanza kuruhusiwa. Kwa mvuvi wa Kibirizi au mfanyabiashara wa Ujiji, kile ambacho redio ya taifa ilikisema kuhusu wagombea ndicho kilichokuwa habari. Kabourou alieleza kwamba matangazo yake yalikipendelea chama tawala.

Mahakama Kuu iliubatilisha uchaguzi huo. Serikali ikakata rufaa, na Mahakama ya Rufani nayo ikaona kwamba matokeo yale hayawezi kusimama. Uamuzi wake, uliochapishwa katika Ripoti za Sheria za Tanzania za mwaka 1996, ulikubali kwamba chombo cha utangazaji cha umma kilikuwa kimeegemea upande mmoja, na kwamba chombo cha aina hiyo kina wajibu wa kuwatendea haki wagombea wote. Kwa nchi ambayo kwa miaka karibu 30 redio na chama vilikuwa vitu visivyotenganishwa, hilo lilikuwa jambo geni kutamkwa na mahakama. Inafaa pia kukumbuka kuwa mkuu wa mahakama za nchi wakati huo alikuwa Nyalali yule yule aliyeongoza tume ya vyama vingi.

Katika uchaguzi mkuu wa 1995 Kabourou alishinda kiti hicho, akakitetea tena mwaka 2000. Aliwahi pia kuwa Katibu Mkuu wa CHADEMA. Mwaka 2005 jimbo lilirudi CCM kupitia Peter Serukamba, na muda mfupi baadaye Kabourou mwenyewe akahamia chama hicho alichokuwa amekishtua, kisha akawa mbunge wa Bunge la Afrika Mashariki.

Mwaka 2010 lilitokea jambo la ajabu kidogo. Mkoa wa Kigoma uliwapa wapinzani majimbo matano kati ya manane: NCCR-Mageuzi ilichukua Kasulu Mjini, Kasulu Vijijini, Muhambwe na Kigoma Kusini, huku Zitto Kabwe wa CHADEMA akibaki Kigoma Kaskazini. Kigoma Mjini, palipoanzia yote, pakabaki kwa Serukamba.

Miaka mitano baadaye mambo yaligeuka kinyume chake. Zitto, aliyekuwa amefukuzwa CHADEMA, alihamia mjini na kugombea kwa tiketi ya chama kipya cha ACT-Wazalendo. Serukamba alikwenda Kigoma Kaskazini na kushinda. Mjini, CCM ilimsimamisha Kabourou. Hivyo mtu aliyeufungulia upinzani mlango wa jimbo hilo mwaka 1995 alirudi mwaka 2015 akiwa na jezi ya kijani, akashindwa na kijana wa upinzani. Zitto akawa mbunge pekee wa jimbo wa chama chake katika Bunge hilo, na ACT ikashika pia halmashauri ya manispaa. Mwaka uliofuata Kigoma Ujiji ilichaguliwa miongoni mwa serikali za mitaa 15 duniani katika majaribio ya mpango wa kimataifa wa uwazi serikalini, lakini Tanzania ilijitoa katika mpango huo mwaka 2017. Kabourou alifariki dunia mwaka 2018.

Uchaguzi wa 2020 uliukumba upinzani nchi nzima. Tanzania Bara, vyama vya upinzani vilitangaziwa ushindi katika majimbo mawili tu, Nkasi Kaskazini na Mtwara Vijijini, na vyama hivyo viliyalalamikia matokeo kwa nguvu. Kigoma Mjini ilikwenda kwa Kilumbe Ng'enda wa CCM.

Zitto aligombea tena tarehe 29 Oktoba 2025, katika uchaguzi ambao CHADEMA haikushiriki na uliofuatiwa na ghasia na kukatwa kwa intaneti. Safari hii CCM haikumrudisha Ng'enda. Ilimpa nafasi Clayton Chipando, msanii anayejulikana zaidi kwa jina la Baba Levo, ambaye zamani alikuwa diwani wa ACT-Wazalendo katika manispaa hiyo hiyo. Chipando ndiye aliyetangazwa mbunge, na ndiye anayeiwakilisha Kigoma Mjini Dodoma hivi sasa.